Sikio la Jani la Bijagua

Jumatatu, 3 Juni

Majani kumi na moja yaliyojiviringa kando ya kijito. Mawili yana popo. Nimeyabana midomo kwa vidole kama nilivyofundishwa — nilivyofundishwa! Mimi niliyekata majani haya ya bijagua ya kufungia tamale za mahindi tangu sijavunja ungo! Fiorella, yule mtafiti wa popo, kaja mbio na mfuko wake wa kitambaa. Ana shahada mbili na hajui kutembea kwenye tope. Kaanguka mara tatu. Nimemwambia, mwanangu, hicho chuo kingekufundisha kwanza kuvaa gambuti.

Jani la kwanza popo sita. Hawaning'inii miguu juu kama popo wenye akili zao. Wanakaa kichwa juu, wamejipanga mmoja nyuma ya mwenzake ndani ya jani, kama watu kwenye foleni ya benki. Tumbo jeupe. Uzito wa kijiko kimoja cha sukari. Kwenye vidole gumba na nyayo wana vikombe vidogo vya kufyonza, ndivyo wanavyojibandika kwenye utelezi wa jani. Jani likianza kufunguka — kesho tu hiyo — wanahama. Kila siku nyumba mpya! Mimi niko nyumba moja miaka arobaini na saba na mabati bado yanavuja.

Daftari ni la Fiorella, la kuandikia majani. Mbele naandika majani. Nyuma naandika yangu. Hayamhusu.

Mchana radi imepasua mnazi wa jirani yangu Cupertina. Mimi mwenyewe nilipiga yowe. Kitukuu changu Dayra kwenye bembea — hata kope haikucheza. Miezi saba na usingizi wa baba wa babu yake. Marehemu mume wangu aliweza kulala juu ya treni ya ndizi, ndizi zikimwangukia.

Yendry karudi jioni kutoka mgahawa wa njia panda anakopika. Mjukuu wangu huyu, msichana wa miaka kumi na tisa, anatembea kama ana sitini. Katoa karatasi: mwanawe apelekwe hospitali ya mjini Alhamisi tarehe 13, kupimwa masikio. Watoto hupimwa wakizaliwa. Dayra alizaliwa ndani ya pikapu, daraja limemezwa na maji, nani angempima? Kitovu nilikata mimi. Nimemwambia Yendry, masikio anayo mawili, nimeyahesabu. Akasema, "Bibi, ni karatasi tu. Tunaenda, tunarudi."

Jumatano, 5 Juni

Mvua tangu alfajiri. Jani moja tu lenye popo.

Fiorella ana kidude kinachoshusha sauti ya popo mpaka sikio la mtu liipate. Wao wanalia juu mno, anasema, sisi hatuna sikio la huko. Kakiwasha kwenye kile kibanda cha wavu alichojenga nyuma ya jiko langu. Nikasikia! Anayeruka nje anauliza, fupi: tsi. Aliye ndani ya jani anajibu, ndefu ya kukatikakatika. Uko wapi? — Huku, huku, huku, huku. Yule wa nje akageuka hewani akatumbukia ndani ya jani kichwa mbele. Nilijifanya naangalia maharage.

Lakini si wote wanaojibu. Yuko mmoja, jike, pete namba kumi na nne. Wiki tatu Fiorella anamjaribu, hajafungua mdomo.

Nikauliza, "Kiziwi?"

"Hapana, Doña Herme. Anasikia vizuri. Ndivyo alivyo tu. Kuna wanaojibu siku zote na kuna wasiojibu kamwe."

Ndivyo alivyo! Nimelipenda hilo. Jioni nimemwambia Yendry: huyu mwanao ni namba kumi na nne, ndivyo alivyo. Hakucheka. Alikwenda nyuma ya mtoto akapiga makofi. Dayra alikuwa anaangalia taa. Akapiga tena, karibu zaidi. Dayra anaangalia taa. Nikamwambia acha kumpigia mtoto makofi kama unafukuza kuku!

Hakuacha. Kapiga la tatu.

Ijumaa, 7 Juni

Cupertina kaja kuomba chumvi. Hana shida ya chumvi yule. Kasimama mlangoni, kamwita Dayra, kapiga mluzi, kagonga sufuria yangu kwa kijiko changu. Kisha kanigeukia na yale macho ya msibani.

"Jirani, huyu mtoto anasikia kweli?"

"Anasikia. Hakupendi tu."

"Mimi nakuambia kwa wema."

"Wema wako uupeleke kwenye mnazi wako, unatoa moshi mpaka leo."

Kaondoka bila chumvi. Nikamwaga maziwa. Hasira tu. Hasira.

Jumamosi, 8 Juni

Leo! Naandika mikono ikiwa na utomvu wa jani.

Asubuhi Fiorella alinieleza lile jani linafanya nini. Lile jani ni faneli, kasema. Mdomo mpana juu, mwembamba chini. Sauti ya anayeita nje inaingia mdomo mpana, inasukumana kuteremka, inamfikia aliye chini imekuwa kubwa kuliko ilivyotoka. Popo wa gramu nne kaazima sikio la urefu wa mkono wangu!

Sikumwambia ninachowaza. Alipokwenda nikashuka kijitoni na panga. Nikachagua jani changa, limejiviringa sawasawa, halina mchubuko. Nikakata ncha ya chini iingie sikioni bila kuumiza. Dayra nimemkalisha kwenye beseni la nguo, uso dirishani. Mimi nyuma yake. Hanioni. Ncha nyembamba sikioni kwake, mdomo mpana kwangu.

Dayra!

Kageuka. Kacheka! Fizi zote nje!

Sikio la pili. Dayra! Kageuka upande wa sikio hilo! Mara tatu, mara nne. Mara ya tano kalishika jani akataka kulila.

Nilikaa chini kwenye tope la mlangoni. Mwanamke wa umri wangu.

Jumapili, 9 Juni

Nimemwonyesha Yendry kabla hajavua viatu. Mtoto kageuka, kacheka. Yendry kaweka uso wake kwenye tumbo la mtoto akalia kwa sauti. Nikamwacha kidogo, halafu nikamwambia inatosha, utamlowesha.

Na ile Alhamisi? Nikamwambia: kwenda mjini ni siku nzima ya kazi, na tajiri wako kwenye mgahawa ana mdomo. Kumpeleka mtoto anayesikia akapimwe kama anasikia — hiyo ni kazi ya watu wasio na kazi. Masikio yake yana uzito kidogo, yatafunguka, mimi nitamfungua kwa jani. Yendry kavua viatu. Kasema, "Bibi una uhakika?" Mimi! Niliyelea saba!

Jumatatu, 10 Juni

Nimempigia simu mhudumu wa afya mwenyewe. Nimemwambia nafasi ya Alhamisi wampe mtoto anayeihitaji. Kaniuliza mara mbili. Nikamjibu mara moja.

Kisha nikapita mbele ya nyumba ya Cupertina na jani begani, polepole. Alikuwa anafagia. Kafagia pale pale mpaka nikapotea.

Majani tisa. Popo kwenye matatu.

Jumanne, 11 Juni

Popo hawa watoto wao hawaondoki. Dume, jike, wote wanabaki na mama zao, wanahama pamoja jani hadi jani. Fiorella ana jike aliyemvisha pete miaka minane iliyopita, bado yuko na mamaye, umbali wa kutupa jiwe kutoka walipoanzia. Nimemwambia hao ndio wenye adabu. Wangu saba wako San José na kwingineko, wananipigia simu Siku ya Mama.

Kasema jambo lingine likaniudhi, wala sijui kwa nini limeniudhi. Lile jani linakuza sauti, ndiyo, lakini linaivuruga. Aliye ndani anasikia kelele kubwa tu, hajui ni nani. Ndugu au mgeni, anajibu yeyote.

"Kwa hiyo hasikii vizuri?"

"Anasikia kwamba kuna kitu, Doña Herme. Ni kitu gani, hajui."

Nikamwambia kazi yake ya kuongea imezidi kazi yake ya kutembea. Kacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 12 Juni

Nimemfukuza Fiorella nyumbani kwangu.

Niandike kilichotokea. Alikuja kunywa maji moto ya sukari guru. Nikataka kumwonyesha — ndiyo, kujisifu, nani ataniambia nini. Nikamweka Dayra kwenye beseni, jani sikioni. Dayra! Kageuka, kacheka. Nikamwangalia Fiorella. Uso wake haukuwa wa furaha. Kaweka kikombe chini taratibu.

"Doña Herme, mpulizie bila kumwita."

"Nimpulizie nini?"

"Pumzi tu. Bila sauti."

Nikapuliza. Kimya kabisa. Dayra kageuka. Kacheka. Fizi zote nje.

Kasema wao wakiwapima popo hufanya hivyo kila mara, wahakikishe popo anajibu sauti na si upepo au kivuli. Kachukua mfuko mwembamba wa plastiki wa mkate, kaubana juu ya mdomo wa jani kwa mpira wa nywele zake. Kwanza kaweka ncha sikioni kwangu, kaniita. Nikaruka! Sauti inapita sawasawa, pumzi haipiti. Kisha kaweka sikioni kwa Dayra. Kanipa mdomo mpana.

Nikaita. Nikaita tena. Nikaita mpaka mbwa wa Cupertina akaanza kubweka upande wa pili wa uzio.

Dayra alikuwa anachezea kisigino chake.

Fiorella kasema kwa sauti ndogo, "Miadi yenu si kesho?"

Nikamwambia atoke. Nikamwambia aende na popo wake na vidude vyake, na mtoto wa watu si mnyama wa kutiwa pete. Nikamtupia gambuti zake nje, moja ikaingia kwenye dimbwi. Kavaa ile yenye maji, kaenda.

Alhamisi, 13 Juni

Ndiyo leo. Saa nne wangekuwa wanaitwa jina.

Yendry kaenda kazini akiimba.

Nimejaribu peke yangu. Sufuria nyuma ya kichwa. Kifuniko cha bati. Mlango kuubamiza — aligeuka! Nikaubamiza tena nimeshika pazia lisitikisike na yeye nimempandisha kitandani, mbali na ubao wa sakafu. Hakugeuka. Nikaita majina ya wanangu wote saba, na la marehemu baba yao. Nikapiga filimbi yake ya reli, ambayo hakuna mtu ameipiga tangu azikwe.

Anajua mlango kwa miguu. Ananijua kwa harufu. Anapoacha kulia nikiingia chumbani, ni kivuli changu. Miezi saba namwambia kila mtu, ananijua sauti huyu.

Sijamwambia Yendry.

Ijumaa, 14 Juni

Sijamwambia.

Sikwenda kijitoni. Majani ya leo hayajahesabiwa.

Jumamosi, 15 Juni

Nimemwambia. Alikuwa anamenya viazi. Nikasema moja kwa moja, mimi sijui kuzunguka: mtoto anageuka kwa pumzi, si kwa sauti, nilikosea. Nikamwonyesha na mfuko wa mkate. Alitazama mpaka mwisho.

Nilitegemea makelele. Sikupata. Kauliza, "Umejua lini?"

"Jumatano."

"Leo Jumamosi, Bibi."

Kisha kasema — nitaandika kama alivyosema — "Wewe umechukua masikio ya mwanangu ukampa mtoto mwingine, kwa simu, ili Cupertina akuone."

Nikaukunja ule mfuko wa mkate mara nne.

Kalala na mtoto kwa rafiki yake njia panda. Viazi vimebaki nusu na maganda yake.

Jumatatu, 17 Juni

Nafasi nyingine mpaka Novemba. Mhudumu wa afya kaniambia hivyo kwa simu bila kunisema, ndilo lililoniuma. Novemba mtoto atakuwa na mwaka. Nikamuuliza kuna tofauti gani. Kasema, kubwa, mama. Ubongo wao unajifunza kusikia sasa. Kila mwezi una thamani yake.

Nikavaa gauni la kanisani nikazunguka nyuma kwenye kibanda cha wavu. Fiorella alikuwepo, anampa namba kumi na nne maji kwa brashi ya kuchorea. Sikuomba msamaha, sijui maneno yake. Nilimwambia, "Gambuti imekauka?" Kasema, "Bado." Nikamwambia kesho anipeleke mjini na gari lake. Kasema saa kumi na moja alfajiri atakuwa mlangoni.

Kabla sijaondoka nilimuuliza: popo mchanga asiyesikia, wenzake wakihama jani, inakuwaje? Kafikiri. Huwa hasemi asichokijua, hilo nampa. Kasema mtoto mchanga mama humbeba, anaruka naye tumboni. Baadaye anapokuwa mzito lazima aruke na kutafuta mwenyewe, kila jioni, gizani, na njia pekee ya kulipata jani ni kuuliza na kusikia jibu.

"Asiposikia?"

"Sijawahi kumkuta mmoja, Doña Herme."

Sikumuuliza kwa nini hajawahi kumkuta.

Jumanne, 18 Juni

Mtaalamu wa masikio ni mwanamke mfupi mwenye miwani shingoni. Karani wa dirishani kasema rudi Novemba. Nikakaa kwenye kiti mbele ya dirisha. Nimekaa muda wa saa tatu nzima. Kila akiinua kichwa ananikuta. Fiorella kanisihi tuondoke, nikamwambia kanunue mkate.

Mwisho mwanamke wa miwani katoka mwenyewe. Alhamisi anapima watatu. Mara nyingine mmoja hafiki, mvua, mabasi. Tukiwa hapa na mtoto amelala — lazima awe amelala usingizi wa kweli, nyaya zinawekwa kichwani, akichezacheza mashine haisomi — basi atampima. Kama wote watatu wakija, hapana. Hakuahidi. Niliridhika naye. Wanaoahidi nawajua.

Nimepita mgahawani nikamwambia Yendry kupitia dirisha la jikoni. Kakaanga mayai mawili kabla ya kunijibu. "Saa ngapi?"

Alhamisi, 20 Juni

Niko kwenye kiti cha ukumbini. Saa mbili na dakika kumi. Yendry amekaa viti viwili mbali nami, mtoto mapajani. Fiorella yuko nje na gari. Dayra tumemnyima usingizi tangu saa tisa alfajiri kwa amri ya yule mwanamke wa miwani, analia mpaka kila mtu anatutazama. Mtazameni! Anatazamwa tangu Cupertina.

Wa kwanza kaingia. Mvulana na babaye.

Saa tatu. Wa pili kafika, kalowa. Mama yake kasema daraja la pili maji yamefika ukingoni. Nikamwomba Mungu jambo baya juu ya daraja. Najua. Nimeshaliomba.

Saa tatu na nusu. Wa tatu hajaonekana. Mwanamke wa miwani katoka, katazama saa, kasema, "Nina nusu saa. Amelala?"

Hajalala! Sasa kakataa. Macho makavu, yamefunguka hivi. Yendry katembea naye, katikisa, kampa ziwa. Kamwimbia! Halafu akanyamaza katikati ya wimbo, nadhani alikumbuka. Dakika kumi zimekwenda. Kisha kaja mbele yangu, kanipa mtoto.

Nimemlaza kifuani kama kila mchana. Sikufungua mdomo. Niliguna tu, chini kabisa, pale kwenye mfupa, kama mashine ya kukoboa mahindi ya jirani ikiwa mbali. Kabandika shavu pale pale. Ndipo anapoliweka siku zote. Kabandika na viganja viwili. Miezi saba nilidhani anapenda nyimbo zangu.

Kalala.

Wamemchukua. Mmoja tu anaruhusiwa kuingia, kaingia Yendry. Nasikia mlango — mimi nausikia. Kifua changu bado kina joto upande mmoja.

Saa nne kasoro tano. Hakuna sauti ndani. Hiyo mashine haina kelele kumbe. Nilidhani itapiga.

Mwanamke wa miwani katoka na karatasi ya maswali aliyojaza Yendry. Uso hauonyeshi kitu, wamefundishwa hivyo. Kasema, "Bibi, wewe ndiye mzee wa ukoo? Hapa tumeuliza kama kuna mtu katika familia asiyesikia tangu kuzaliwa. Mjukuu wako kaandika hapana. Ni sahihi?"

Nimemwambia angoje, namalizia mstari. Anangoja. Ana subira huyu, kaegemea ukuta.

Yendry kaandika hapana kwa sababu hivyo ndivyo nilivyomwambia. Hivyo ndivyo nilivyowaambia wote saba. Mume wangu alikufa hajui. Wageni wakija mama alimfungia mmoja wetu kwenye chumba cha mahindi, na mimi ndiye niliyekuwa nakaa mlangoni nisimruhusu kutoka. Tulisema ana akili ndogo. Alikuwa anasuka vikapu ambavyo hakuna mtu kijijini aliweza kuvisuka. Alikuwa anaweka kiganja chake kifuani kwangu nikiongea.

Kauliza tena, taratibu. Nimesimama. Naandika nimesimama, daftari ukutani. Mlango wa ndani umefunguka kidogo na Yendry ananitazama, atasikia kila kitu.

Nimemwambia, andika. Dada yangu. Anaitwa Otilia. O, T, I —